Kipima ulevi hakijui kama umelewa

Desemba ikikaribia, barabara ya kutoka Dar huanza kuwarudisha Wachaga nyumbani, na hadithi za kipima ulevi hupanda nao mlima. Kaa kiti cha mbele kwenye Costa yoyote kati ya Himo na Boma Ng'ombe, au kwenye benchi la kilabu cha mbege pale Kiboriloni, utazisikia zote. Yupo aliyetafuna karafuu akapita. Yupo aliyelamba mkaa. Yupo anayesema siri ni kunyonya sarafu ya shaba, ingawa sijui siku hizi anaipata wapi. Na wapo wa upande wa pili, wanaoapa kwamba mashine imetegwa: "Mimi nilikunywa soda tu, afande akanionyesha namba."

Nafundisha kemia sekondari hapa Moshi, na shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha Costa ya Moshi–Arusha. Kwa hiyo ubishi huu unanifikia kutoka pande mbili. Wanafunzi wanataka kujua mashine inafanyaje kazi. Shemeji anataka kujua kama itamwonea. Swali la shemeji ndilo gumu, na jibu langu nalisema mapema: mashine nzuri iliyotunzwa, ikitumiwa kwa utaratibu, ni vigumu kumwonea mwenye gari lake binafsi. Anayeweza kuonewa ni dereva wa abiria, na sababu yake ni sifuri. Nitafika huko.

Kwanza, kipima ulevi hakipimi ulevi. Hakipimi hata damu. Kinapima ethanoli, yaani alkoholi ya kwenye pombe, iliyomo kwenye pumzi, kisha kinakisia damu ina kiasi gani. Kukisia huko kuna msingi imara. Damu inapopita kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, sehemu ya alkoholi iliyomo hugeuka mvuke na kuingia kwenye hewa, na kiasi kinachoingia hufuata kiasi kilichomo kwenye damu. Damu ikiwa na alkoholi mara mbili, hewa nayo itakuwa nayo mara mbili, mradi joto halibadiliki. Ni kanuni aliyoieleza Mwingereza William Henry mwaka 1803, akiwa hana habari na trafiki wala gari. Pumzi hutoka mdomoni ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi, na kwa joto hilo mashine nyingi zimewekewa uwiano wa 2,100 kwa 1. Maana yake, alkoholi iliyomo katika mililita moja ya damu inahesabiwa kuwa sawa na iliyomo katika mililita 2,100 za pumzi, yaani lita mbili na kidogo.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamruhusu dereva wa kawaida kufika miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Piga hesabu kwa uwiano ule: lita moja ya pumzi ya mtu aliye kwenye mpaka huo ina miligramu 0.38 tu. Haifiki hata nusu miligramu, tena imetawanyika kwenye lita nzima ya hewa yenye mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na harufu ya ndafu ya jana. Nikisikia mtu anasema vyombo hivi ni vya kubahatisha, namba hiyo hunifanya niviheshimu kidogo.

Ndiyo sababu unaambiwa upulize mfululizo mpaka mashine ilie. Hewa ya mwanzo ni ya mdomoni na kooni, haijakutana na damu. Ya mwisho ndiyo imetoka ndani kabisa, na ndiyo mashine inayoichukua. Wale wanaopuliza kidogo wakaacha, wakidhani wamepata ujanja, wanarudishiwa mrija wapulize tena.

Waliogeuza kanuni hii kuwa kazi ya polisi walikuwa watu wa jimbo la Indiana, Marekani. Rolla Harger, profesa wa biokemia, alitengeneza Drunkometer katika miaka ya 1930: mshukiwa alipuliza puto, kisha hewa ile ikapitishwa kwenye potasiamu permanganeti. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo hilohilo, akaja na Breathalyzer. Hiki ndicho ninachopenda kuwasimulia wanafunzi, maana kemia yake inaonekana kwa macho. Ndani mlikuwa na potasiamu daikromati iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki, rangi yake ya manjano yenye uchungwa. Pumzi yenye ethanoli ikipita, rangi ile inafifia kuelekea kijani, na chombo kinapima imefifia kiasi gani. Uingereza ilianza kupuliza barabarani mwaka 1967 chini ya waziri wa uchukuzi Barbara Castle, mama ambaye mwenyewe hakuwa dereva, na mpaka aliouweka ulikuwa 80, sawa na wetu. Walevi wa huko walimchukia mno.

Siku hizi daikromati imeachwa. Chombo cha kushikwa mkononi barabarani kwa kawaida kina seli ya fueli: vipande viwili vya platini, katikati kuna tindikali. Ethanoli ikigusa platini inageuzwa kuwa asidi ya asetiki, na katika kugeuka huko elektroni zinaachiliwa, umeme mdogo unapita. Alkoholi ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi, na namba inapanda. Bibi yeyote wa Kibosho anayepika mbege anaijua nusu ya kazi hii. Mbege iliyokaa kupita siku zake inachachuka kuwa siki kwa sababu bakteria wanaichukua ethanoli ileile na kuifanya asidi ileile. Platini inafanya kwa sekunde chache kazi ambayo bakteria wanaifanya kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo karafuu, peremende, vitunguu na mkaa havina kazi hapo. Vinafunika harufu, na platini haina pua. Kinachoweza kusogeza namba ni jinsi ulivyopumua kabla ya kupuliza: anayehema harakaharaka kwa muda anaishusha kidogo, anayebana pumzi anaipandisha. Nimeshawahi kumsikia mtu akimfundisha mwenzake abane pumzi "ili pombe ibaki ndani." Huyo mwenzake namhurumia.

Vipo vyombo vya aina nyingine mbili. Ile mikubwa ya mezani hutumia miale ya infraredi. Molekuli za ethanoli humeza miale ya urefu fulani, hasa maikromita 3.4 na 9.5, na chombo kinapima miale mingapi imemezwa njiani. Shida ya 3.4 ni kwamba asetoni nayo inaimeza, na mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemzidi, au mtu aliyefunga siku nyingi, hutoa asetoni kwenye pumzi. Ndiyo maana mashine za kisasa huangalia zaidi ya urefu mmoja. Seli ya fueli haina tatizo hilo, asetoni haiisumbui. Aina ya mwisho ni vile vidude vya bei ya chee vinavyouzwa mitandaoni, vyenye kihisio cha oksidi ya bati. Hivyo vinashtuka kwa asetoni, kwa moshi wa sigara, kwa gesi nyingi tu, na vinapoteza usahihi mapema. Ukikinunua kwa ajili ya kujipima kabla ya kutoka kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, usikiamini kikikuambia uko salama.

Sasa kuhusu kuonewa. Uwiano wa 2,100 ni wastani uliochaguliwa, na watu hawalingani. Ila uchaguzi huo ulielemea upande wa dereva. Kwa watu wengi, alkoholi ikishaingia yote mwilini, uwiano halisi uko juu ya 2,100. Waingereza wao wanatumia 2,300. Uwiano wako halisi ukiwa mkubwa kuliko ule uliowekwa kwenye mashine, mashine inasoma pungufu ya damu yako. Kwa lugha ya kilabuni: wengi wanapunguziwa. Wanaoongezewa wapo pia. Mwenye homa, kwa mfano, maana kila nyuzi moja ya joto la pumzi inapandisha namba kwa asilimia 6 au 7. Na aliyetoka kunywa dakika hii hii, maana alkoholi inapokuwa bado inaingia mwilini, pumzi inaweza kutangulia damu ya kwenye mshipa wa mkono. Lakini ukiwa na mpaka wa 80, tofauti hizi zinawasumbua wale tu waliosimama mlangoni, wenye 75 au 85. Aliyekunywa soda hawezi kusomeka 80 kwa sababu ya homa. Asilimia 7 ya sifuri ni sifuri.

Ila shemeji yangu hana 80. Dereva wa abiria na wa gari la biashara sheria inamtaka asiwe na kileo kabisa. Na hapo hesabu yote inageuka.

Chukua Jumapili. Dereva kahudhuria ibada ya alfajiri, kapokea meza ya Bwana, kanywa divai funda moja, katoka mbio kuwahi foleni stendi. Funda lile kwenye damu ni kama halipo. Lakini mdomoni lipo, kwenye ulimi na kati ya meno, na akipulizishwa dakika tano baadaye mvuke wa mdomoni unajumlishwa na pumzi ya mapafuni. Mashine haijui tofauti. Inaona ethanoli, inazidisha kwa 2,100, inatoa namba. Hali ni hiyohiyo kwa dawa ya kusukutua kinywa, ambayo nyingine ina alkoholi zaidi ya asilimia 20, kwa baadhi ya dawa za kikohozi za maji, na kwa mtu aliyebeua pombe ya tumboni. Hata kitakasa mikono: askari akijipaka na kushika chombo kabla hakijakauka, mvuke wake unaweza kuingia.

Dawa ya tatizo hili inajulikana tangu zamani na haina gharama: kusubiri dakika 15 bila kula, kunywa wala kuweka kitu mdomoni, kisha kupuliza tena kwa mrija mpya. Alkoholi ya mdomoni inakuwa imekwisha. Ya kwenye damu inakuwa palepale karibu. Namba ikianguka kutoka 30 hadi sifuri ndani ya robo saa, ilikuwa ya mdomoni, kwa sababu hakuna ini la binadamu linaloweza kazi hiyo. Mimi naona kipimo cha dereva wa abiria kilichofanywa mara moja tu, bila kusubiri, hakijatimia. Najua barabarani, abiria wakipiga kelele na konda akigonga bodi, dakika 15 ni ndefu. Lakini leseni ya mtu ni ndefu zaidi.

Nisije nikaonekana nawatetea madereva tu. Wengi wanaokamatwa alfajiri hawajaonewa. Wamehesabu vibaya, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtaalamu wa Sweden Erik Widmark aliiweka sawa kabla ya Vita ya Pili ya Dunia na bado inatumika. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.5 ina gramu 18 hivi za ethanoli. Kwa mwanaume wa kilo 70 hiyo inapandisha damu kwa miligramu kama 37 katika mililita 100. Ini linaondoa kama 15 kwa saa, wengine 10, wengine zaidi ya 20, na halisikilizi kahawa, wala mtori, wala supu, wala kuoga maji ya baridi ya Njoro.

Sasa mweke dereva wetu kwenye baa saa mbili usiku. Amekunywa chupa sita mpaka saa sita usiku. Chupa sita ni 222. Saa nne za kukaa baa zimeondoa 60, zimebaki 162. Akalala. Saa kumi na mbili asubuhi, muda wa kupiga honi stendi, saa sita nyingine zimeondoa 90. Ana 72. Hasikii ulevi, anasikia kichwa kinagonga tu. Angekuwa na gari dogo lake angepita chini ya 80, jambo ambalo mimi binafsi linanitisha kuliko yote niliyoandika hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri mpaka uwe 50, na mimi naunga mkono. Kwa basi la abiria, huyu mtu ameshika usukani akiwa na bia mbili nzima mwilini na anakwambia kwa moyo mweupe kwamba hajanywa leo. Kweli, leo hajanywa.

Mbege inavuruga hesabu hii zaidi, kwa sababu haina lebo. Nguvu yake inategemea ndizi, ulezi, siku ilizokaa na mkono wa aliyepika, na kata haina alama za mililita. Anayesema "nilionja kata mbili tu msibani" hawezi kujua alionja gramu ngapi. Mimi pia siwezi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kabisa katika ubishi wetu, nalo linatuhusu sisi watu wa mlimani kuliko watu wa Dar. Seli ya fueli huchoka polepole, hivyo chombo lazima kihakikiwe kila baada ya muda kwa kupewa alkoholi ya kiasi kinachojulikana. Njia mojawapo ni mtungi mdogo wa gesi kavu. Kiasi kilichoandikwa kwenye mtungi kimehesabiwa kwa kanieneo la hewa, yaani mgandamizo wake, la usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu, na kanieneo lake ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Moshi mjini ni pungufu kwa kama asilimia 10. Gesi ikitoka kwenye mtungi hapa inatanuka, kwa hiyo kila lita ina alkoholi kidogo kuliko ilivyoandikwa. Fundi asiposahihisha kwa mwinuko, atakifundisha chombo kwamba kiasi kidogo kile ndicho kikubwa, na kuanzia siku hiyo kitawasomea watu zaidi ya walichonacho. Pumzi ya mtu haipati punguzo hilo, maana mvuke unaotoka kwenye damu unafuata damu na joto, haufuati mwinuko. Vyombo vizuri hupima kanieneo vyenyewe au vina jedwali la masahihisho. Lakini ni hatua, na hatua inaweza kurukwa.

Kurukwa kwa hatua moja si jambo dogo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilikataa matokeo ya vipimo zaidi ya 20,000 kwa sababu sajini mmoja aliyekuwa na kazi ya kuhakiki mashine alidaiwa kuruka hatua ya kukagua joto kwa kipimajoto maalumu. Mashine zenyewe zilikuwa za hali ya juu. Kilichokosekana ni uhakika kwamba mtu alifanya kilichoandikwa. Jirani zetu Kenya nao, wanaokiita chombo hiki alkobloo, walifika Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na huko tatizo lilikuwa kanuni zilizotungwa kutokukaa sawa na Sheria ya Trafiki yenyewe. Hakuna platini inayoweza kurekebisha hilo.

Ningependa basi, kila kipima ulevi kinachotumika kati ya Himo na Kisongo kibandikwe tarehe ya uhakiki mahali panaposomeka, vile tunavyozoea kuangalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu ya mafuta. Dereva akiomba kuiona asionekane mkaidi. Na pale anapobisha namba, damu yake ichukuliwe mapema hospitalini, na wanaoichukua wakumbuke kwamba damu nayo ina hila zake: ngozi isisafishwe kwa spiriti, na chupa iwe na dawa ya kuzuia sampuli isichachuke, la sivyo alkoholi inaweza kuzaliwa humohumo ndani ya chupa.

Kuhusu ile sifuri, maoni yangu ni kwamba sifuri ya maabara haifai kuwa sifuri ya barabarani. Sweden, nchi isiyo na mzaha na walevi, iliweka mpaka wa 20 mwaka 1990 kwa madereva wote. Ishirini ni ndogo kiasi kwamba hakuna nafasi ya kunywa chupa hata moja ukaendesha papo hapo, lakini inatosha kumeza kasoro za mashine, dawa ya kikohozi na tone la divai lililobaki kwenye jino. Ningewapa madereva wa abiria hiyo, pamoja na dakika 15 na kipimo cha pili.

Nilimwambia shemeji hivyo nikidhani atafurahi. Akanikatalia katakata.

"Mwalimu, ukiwapa ishirini, watakunywa mpaka ishirini. Mimi nawajua. Wape sifuri, halafu hizo dakika kumi na tano."

"Na abiria watakaokaa wanasubiri Usa River kwa ajili ya kipimo cha pili?"

"Watashuka wanunue ndizi."

Bado tunabishana. Dada yuko upande wake.